Usiuze kadi yako kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumaini nawe hujambo. Unasema umeweka draiva mpya, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, gemu ikaanza kukwamakwama jioni ile ile, na sasa kuna mtu anakushauri uuze kadi ununue nyingine. Ngoja kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama kadi yako ina ubovu wowote.

Nianze na huko kukwama, maana ndiko kunakokusumbua. Gemu haitoi amri kwa kadi moja kwa moja. Inapitia programu za kati kama DirectX, Vulkan au OpenGL, na draiva ndiyo inayogeuza maagizo hayo yawe amri ambazo chipu yako hasa inazielewa. Ndani ya maagizo hayo zimo sheda, zile programu ndogondogo zinazokokotoa rangi, mwanga na vivuli. Kila sheda lazima iandaliwe kwa ajili ya kadi yako, kisha matokeo yanahifadhiwa kwenye diski ili kesho kazi isirudiwe. Ukibadilisha draiva, hifadhi ile mara nyingi haifai tena, na kazi inaanza upya huku wewe unacheza.

Ndiyo maana unageuza kamera kwenye kona ya mtaa uliokwisha kuupita mara nyingi, picha inashikwa kidogo, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kila fremu ina kama milisekunde 16.7 tu za kuwa tayari. Fremu moja ikichukua milisekunde 80 kwa sababu sheda inangojewa, jicho litaona, hata kama ile namba ya wastani wa fremu kwa sekunde iliyo pembeni mwa skrini haijasogea. Sasa rudi upite kona ile ile tena. Ikiwa mara ya pili picha inateleza bila kushikwa, jibu umelipata. Cheza siku mbili tatu ndipo uhukumu. Na kama gemu yako ina hatua ya kuandaa sheda inapofunguka, iache imalize, hata ikikuchosha.

Uliuliza pia kama draiva mpya inaongeza kasi kweli. Chipu haibadiliki, draiva haiwezi kuipa nguvu isiyokuwa nayo. Inachoweza kufanya ni kuacha kuipotezea muda. Mfano ninaoupenda ni wa kampuni ya Intel. Kadi zao za Arc A750 na A770 ziliingia sokoni Oktoba 2022 zikiwa dhaifu sana kwenye gemu za zamani za DirectX 9, kwa kuwa maagizo ya gemu hizo yalikuwa yanageuzwa kwanza kuwa ya DirectX 12. Draiva zilizofuata zikaanza kutumia DXVK, programu huria inayogeuza maagizo hayo kuwa ya Vulkan, kwa baadhi ya gemu. Februari 2023 Intel yenyewe ikatangaza ongezeko la wastani wa asilimia 43 kwenye gemu za DirectX 9 ilizozipima kwa 1080p, yaani ukubwa wa picha wa skrini nyingi za kawaida. Aliyenunua kadi ile siku ya kwanza aliipata kasi hiyo bila kufungua kasha la kompyuta. Miezi kadhaa kabla, Julai 2022, kampuni ya AMD nayo ilikuwa imetoa draiva iliyoboresha sana OpenGL, na wachezaji wa Minecraft wakafaidika waziwazi.

Lakini usitegemee hayo kila mwezi. Hizo zilikuwa sehemu ambazo draiva ilikuwa nyuma. Kadi yako imekaa sokoni miaka, na kwa gemu unazocheza kila siku, sasisho nyingi hazitabadilisha kitu unachoweza kukiona. Faida iko kwenye gemu mpya: makampuni ya kadi huipata kabla haijatoka, huichunguza, na huandika marekebisho mahususi kwa ajili yake. Hata hapo, gemu za DirectX 12 na Vulkan zimehamishia kazi kubwa kwa watengenezaji wenyewe, kwa hiyo kasoro nyingi hurekebishwa na sasisho la gemu, si la draiva.

Madhara nayo yapo. Machi 2010 NVIDIA, kampuni nyingine ya kadi, iliiondoa draiva 196.75 baada ya watu kulalamika kwamba feni hazidhibitiwi vizuri na kadi zinapata joto kupita kiasi. Tangu nilipolijua hilo sijaweka draiva siku inapotoka bila sababu. Nasoma kwanza maelezo yake, hasa ile sehemu ya matatizo yanayojulikana, ambayo wengi hawaifungui kabisa. Kama gemu zangu zinakwenda vizuri na hakuna pengo la usalama lililozibwa, naacha wiki moja au mbili zipite.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua sehemu moja ya gemu, ipitie kwa mipangilio ile ile, uandike wastani wa fremu na pia kasi ya zile fremu zilizochelewa zaidi, asilimia 1 ya polepole kabisa, maana hizo ndizo zinazoonyesha kukwama. Kisha kwenye orodha ya vifaa ya Windows rudisha draiva iliyotangulia, upime tena pale pale baada ya kucheza kidogo ili sheda ziandaliwe upya. Angalia na namba ya toleo, kwa sababu Windows wakati mwingine huweka draiva yake bila kukuuliza, ukadhani unapima mpya kumbe siyo. Ikiwa ya zamani ni nzuri zaidi hata baada ya siku hizo, baki nayo hadi toleo lingine litoke, hakuna anayekufukuza.

Ukishapima, niandikie namba zote mbili pamoja na matoleo ya draiva. Nitakaa nazo niziangalie kabla hujatoa hata senti moja kwa kadi nyingine.

Wako akupendaye,
Rafiki yako