Mwanangu, cheti chako bado kipo shuleni

Mwanangu wa kwanza, marahaba. Najua hujaniamkia bado ila nimeipokea kabisa tusipoteze muda. Naandika kwa simu ya mdogo wako, mwenyewe kalala toka saa tano asubuhi na sasa hivi inaadhiniwa alasiri, anasema analipa deni la usingizi wa kambi ya mtihani. Nimeona nikuandikie tu maana kwenye simu mimi na wewe hatuongei, nikipiga nasikia nyundo zinagonga we unasema mama nipo chini ya gari ntakupigia, ukipiga mimi nipo gulioni napanga machungwa. Kwaiyo soma ukishakula, umetulia.

Kwanza mdogo wako kamaliza kidato cha nne. Pepa la mwisho kapiga wiki iliyopita, wametoka pale saa sita na kidogo, na walimu wamesimama getini na fimbo kwa sababu mkuu alishasema mwaka huu hataki kuona mtu anachana daftari wala kumwagiana maji na unga eneo la shule. Basi watoto wakatoka kwa adabu kama wanaenda msibani, walivyovuka tu lile daraja la chini, ambapo si shule tena, hapo ndo maka pen zikatoka! Shati lake jeupe limerudi limeandikwa mpaka kwenye kola. Mgongoni kuna mtu kaandika "usinisahau" na namba ya simu. Namba nimeinakili, baba yako sijamwambia.

Mtihani anasema ulikuwa mzuri, we si unawajua, wote husema ulikuwa mzuri mpaka Januari mwishoni NECTA watakapotoa majibu. Ila practical ya kemia ilimtoa jasho, anasema rangi iligoma kubadilika, anadondosha dawa tone kwa tone na mwenzake wa pembeni kashamaliza anaosha vyombo. Mi nilimwambia hiyo ni kama kuchemsha maziwa, ukiisimamia sana haichemki. Akacheka. Hesabu ndo hataki kabisa kuizungumzia, nami nimeacha.

Ile kambi ilikuwa ndefu mwaka huu, toka Agosti. Kila mzazi alitoa debe la mahindi na maharage, wakalala shuleni, usiku prepo mpaka saa tano, alfajiri wanaamshwa tena. Zamani yenu kambi ilikuwa wiki tatu na mlikuwa mnatoroka kuja kula nyumbani, usikatae, sufuria ilikuwa inaniambia.

Sasa nije kwenye mahafali maana ndo hasa nilitaka kukuandikia, nilitaka nikuandikie toka Oktoba nikawa nazunguka.

Hela uliyotuma ilifika yote. Mchango ulikuwa elfu thelathini, ndani yake kuna joho la kukodi, keki, pilau na soda moja, na cheti cha mahafali chenye maua pembeni. Iliyobaki nikashona kitenge, usinilaumu, baba yako naye akanunua kola ya shati, namaanisha kola tu, alimpelekea fundi abadilishe kwenye lile shati la harusi. Kaomba ruhusa kule mkonge, kaja na koti lake kwenye jua lile la Muheza na hakulivua mpaka jioni. Nikamwambia baba nanihii utaanguka, akasema leo ni siku ya mwanangu.

Walipendeza jamani. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliwapokea kwa ngoma toka barabarani, wahitimu wanaingia wawili wawili na hatua zile za kuchelewesha, mwendo wa mita mia tunaukaa nusu saa. Mgeni rasmi alichelewa, hilo halijabadilika. MC kapiga kelele mpaka spika ikakata. Risala ikasomwa, ni ileile ya kwenu naapa, walimu wa sayansi hawatoshi, maji hakuna, uzio hakuna, wamebadilisha tarehe tu. Ila maabara zimeisha, hilo niseme ukweli, zile kuta mlizokuwa mnakalia nyie zina paa na vioo. Mgeni rasmi akaahidi mifuko ishirini ya saruji ya uzio, akachangisha na sisi wazazi pale pale, kapu likapita, nikaweka elfu mbili nikajuta nikiwa njiani maana nauli ya kurudi ilikuwa imo humo.

Mdogo wako kaitwa mara mbili. Mara ya kwanza jina la kawaida, mara ya pili somo la Kiswahili, kawa wa kwanza, kapewa kaunta buku tatu na bahasha ya elfu kumi. Nikapiga kigelegele mpaka mama wa jirani yangu akaziba sikio. Nikaenda mbele kumtuza, nimemvisha lile taji la maua ya makaratasi, nikamkumbatia, baba yako kasimama nyuma anajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Yule mwalimu wenu wa hesabu mliyekuwa mnamwita Pai bado yupo, kichwa kimeisha nywele. Kaniuliza, yule mkubwa wako wa kufungua redio yuko wapi? Nikamwambia yuko Dar, alisoma VETA umeme wa magari, yupo gereji. Akasema nilijua.

Sasa baada ya chakula nikaenda nyuma jikoni kurudisha sahani. Yule mama mpishi bado ni yuleyule, mnene, anayepika na sigara ya msokoto. Kaniangalia akasema wewe si mama yake yule kijana wa kuni? Nikasema kijana gani wa kuni. Akasema yule wa mahafali ya 2019, alikuja alfajiri akatupasulia kuni zote, akateka maji, akakoroga na pilau, hakutaka hela akaomba sahani tu. Tulimwambia kavae joho wenzio wanapanga mstari, akasema yeye si wa kidato cha nne. Halafu majina yalipoanza kuitwa akaacha mwiko akasimama kwenye dirisha la stoo, anachungulia. Mpaka jina la mwisho. Anasema alikuwa anapiga makofi peke yake humo stoo.

Mwanangu, nilikaa kwenye gogo pale jikoni. Nikasingizia moshi.

Maana ile pilau naikumbuka. Ulirudi nayo magharibi kwenye mfuko wa nailoni, ulisema umepewa na rafiki yako, tukala mimi na bibi yako na mdogo wako, we ulisema umeshashiba. Sikukuuliza kitu. Nilijua ni mahafali siku ile, wimbo ulikuwa unasikika mpaka huku. Wiki mbili kabla ulikuja na karatasi ya mchango, elfu ishirini na tano, nikakujibu vibaya, nikasema mahafali si mtihani, nenda kasome, kwani keki inafaulisha? Ukaikunja ile karatasi vizuri ukaiweka mfukoni. Wala hukununa. Ungenuna ningejua la kufanya.

Ukweli sikuwa nayo. Mwaka ule machungwa madalali walinunua mtini kwa bei ya kututukana na bibi yako alikuwa anakwenda hospitali kila baada ya wiki mbili. Lakini ningeweza kukwambia hivyo, mwanangu sina, badala ya kukufokea. Ulipoanza fomu wani 2016 walitangaza elimu bila ada nikacheza barabarani kama mwendawazimu, nikadhani sasa nimepumua, kumbe michango midogo midogo ndo ingekuja kuniaibisha mbele ya mtoto wangu.

Halafu matokeo yalipotoka, divisheni foo ya 28, mimi ndo nilisema yale maneno mbele ya wajomba zako. Sitayaandika hapa, unayajua. We ulisema tu mama mi nataka kwenda VETA.

Haya. Hilo nimelisema, nina kingine.

Juzi jumatatu nimerudi shule peke yangu. Shule inafungwa wiki hii, kidato cha kwanza na cha tatu walikuwa wanapewa ripoti, wanabeba magodoro kichwani na tranka kwenye bodaboda, cha pili walishafanya upimaji wao wanasubiri kujua nani anakariri. Ofisi ya karani ina foleni ya wazazi. Nikakaa mpaka ikaisha. Nikamwambia nimefuata cheti cha mwanangu cha kidato cha nne, kamaliza 2019, hakuwahi kukichukua.

Maana najua kwanini hukuchukua. Ni kile kitabu cha baiolojia. Ulisema huwezi kufanya klirensi, ile ya kuonyesha shule haikudai, bila kitabu na kitabu kilipotea kwenye mvua siku ile lile paa la jikoni liling'oka, ukasema basi kule chuo wamekubali kile cha matokeo cha kuprinti, mambo yameisha. Miaka mitano yote nikipita pale shule naona kama wananidai. Safari hii nilienda na elfu ishirini nimeifunga kwenye ncha ya kanga, ya kitabu.

Karani kafungua kabati, kuna mafaili yana vumbi, katoa bahasha ya kaki ya mwaka wenu. Nikaanza kujieleza, kitabu, mvua, paa. Akaniangalia, kitabu gani mama? Vile vitabu vilishabadilishwa, hivyo hata hatuvidai.

Yani basi tu. Miaka mitano.

Nikasema nipe basi niende nacho. Akakataa, akasema hiki hachukui mzazi, aje mwenyewe asaini na aje na kitambulisho. Nikambembeleza weee, nikamwambia yuko Dar, kazi zake hazimpi nafasi, wapi. Ila kanihurumia akanionyesha. Jina lako lipo limeandikwa sawasawa, hawajakosea hata herufi. Na picha yako ipo, ile ya kidato cha nne, shingo nyembamba kama kifaranga kilichonyeshewa, kola ya shati imekaa upande mmoja. Hiyo kola ndo ile niliyoipasi mimi na mkaa ukaisha katikati. Uraia una C mwanangu, Kiswahili C. Mbona siku zile hatukuziona hizo C, tuliona foo tu?

Sasa nakuomba hivi. Ofisi itakuwa wazi mpaka wiki ijayo katikati, baada ya hapo karani anasafiri mpaka Januari shule zikifunguliwa. Ukiweza omba siku mbili kwa tajiri wako. Tiketi kata mapema pale Mbezi, usisubiri mwisho wa mwezi, we unajua Desemba watu wa Moshi na Arusha wanaijaza hiyo njia yote mpaka Segera na nauli zinapaa. Njoo na kitambulisho chako cha NIDA, namba tu sijui kama watakubali, njoo na kadi yenyewe. Vaa suruali ya maana usije na ovaroli la oili.

Nitakwenda na wewe. Baba yako naye anataka kwenda, kaniuliza koti liko wapi, nikamwambia cheti kinachukuliwa dakika tano wewe koti la nini, hajajibu, kalianika nje.

Mdogo wako kaamka, anataka simu yake. Mpishi nimeshaongea naye, anakuja hapa nyumbani siku hiyo, pilau atapika yeye. Kuni zipo zimeshapasuliwa.

Mama yako