Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza kwa Wazazi na Walezi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya Parokia,
Mufindi, Iringa.
Juni 2026

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA JIBU LA OMBI LENU KUHUSU VIPINDI VYA DINI NA RIADHA

Wapendwa wazazi na walezi,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wazazi wetu Waislamu nasema Asalaam aleikum, na kwa ndugu zetu wa Kilutheri na wa madhehebu mengine, Bwana asifiwe. Tunafunga muhula wa kwanza tukiwa wote, walimu na watoto, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, maana mvua za mwaka huu zilituweka roho juu. Kuna asubuhi ambazo watoto wa upande wa bondeni walifika darasani saa tatu, sare zimelowa hadi kiunoni, na bado wakafungua madaftari.

Barua hii ni ndefu kuliko ile ya Desemba kwa sababu ina jibu ninalodaiwa. Katika kikao chetu cha mwezi Machi baadhi yenu mliomba, kwa heshima na kwa hoja, kwamba vipindi vya dini na saa za riadha za darasa la saba vigeuzwe kuwa vipindi vya ziada vya Hisabati mpaka mtihani wa taifa wa Septemba upite. Niliwaomba mnivumilie hadi tuone mtihani wa muhula. Mtihani umefanyika, nimekaa na walimu wenzangu, nimezungumza na Baba Paroko, na jibu letu ni kwamba ratiba haitabadilika. Mzazi anayelipa ada kwa jasho la kuchuma chai au kupasua mbao anastahili kupewa sababu, na ndizo ninazozileta hapa.

Nianze na Hisabati yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyoleta ombi. Kama mnavyojua, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila moja lina alama 50, jumla ni 300, na daraja A linaanzia alama 241. Mtoto anayefanya vizuri katika Kiswahili na Sayansi anaweza kushushwa na Hisabati peke yake, na hilo limewapata watoto wetu kadhaa katika mtihani huu wa muhula. Sitaki kulificha. Hata hivyo nilizichukua karatasi zote za darasa la saba, nikazipitia kwa siku mbili pamoja na mwalimu wa somo, tukitafuta mahali hasa ambapo kila mtoto alipotea. Tuliyoyaona yalitushangaza. Ukiwaandikia robo tatu kutoa theluthi moja, wengi wanapata 5/12 bila shida. Lakini hesabu hiyohiyo ikija kwa maneno, kwamba robo tatu ya shamba la familia imepandwa chai, na theluthi moja ya shamba lote tayari imechumwa, je, ni sehemu gani ya shamba yenye chai ambayo haijachumwa, hapo mtoto anaokota namba anazoziona na kuzijumlisha. Kutoa anajua, kilichomshinda ni kusoma sentensi ndefu mpaka mwisho na kuelewa anachoulizwa. Kwa hiyo kuongeza vipindi vya Hisabati ni kumpa mgonjwa dawa ya ugonjwa mwingine. Dawa yake ni kusoma kwa sauti na kuelezea alichosoma, kila siku, shuleni na nyumbani, na kuanzia Julai dakika ishirini za kwanza za kila siku darasa la saba litasoma, kisha kila mtoto asimulie kwa maneno yake mwenyewe.

Jambo la pili lilijitokeza tulipolinganisha alama na daftari la mahudhurio. Walioshuka sana si wakimbiaji. Ni wale wanaokosa siku ya mnada, na wale waliokosa majuma mawili wakati wa kuvuna viazi. Nalisema hili bila kumlaumu mtu, kwani najua hali za nyumbani, lakini haitakuwa haki tuwanyang'anye watoto saa moja ya uwanjani, ambayo wanaipenda na wanaihudhuria, ili kufidia siku nzima ambazo sisi wakubwa tumewazuia kuja.

Kuhusu riadha, naomba niwasimulie jambo lililotokea Aprili, kwa sababu ndilo lililonipa uhakika wa jibu hili. Uwanja wetu, kwa wale ambao hawajaufikia, ni mzunguko wa mita 300 uliopimwa kwa kamba na kuchorwa kwa majivu, wenye njia nne, kila njia ikiwa na upana wa mita moja. Siku moja baada ya mashindano ya madarasa msichana mmoja wa darasa la saba alimwendea mwalimu wa michezo akamwambia, "Madamu, njia ya nne inatuonea." Alikuwa amepoteza mbio za mzunguko mmoja mara tatu mfululizo, na mara zote alikuwa njia ya nje. Mwalimu angeweza kumwambia aongeze mazoezi. Badala yake alimpa kamba na wenzake wawili, akawaambia wapime wamletee jibu.

Walihangaika jioni nzima. Waligundua kwanza kwamba sehemu zilizonyooka ni sawa kwa njia zote, kwa hiyo tofauti ipo kwenye kona, na kwamba kona mbili ukiziunganisha zinakuwa duara moja kamili. Kesho yake walikuja darasani wakiwa na kanuni ya mzingo wa duara ambayo walikuwa wameikariri tangu mwaka jana bila kujua ina kazi gani. Nusu kipenyo kikiongezeka mita moja, mzingo unaongezeka mara mbili ya 22/7, yaani mita 6 na sentimita 29 hivi. Njia ya nne iko mita tatu nje ya njia ya kwanza, kwa hiyo ni ndefu kwa takribani mita 18 na sentimita 86. Sisi tulikuwa tunamsogeza mbele mkimbiaji wa njia ile hatua kumi za mwalimu, kwa kukadiria! Msichana alikuwa na haki. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba ukubwa wa uwanja hauhusiki kabisa: hata uwanja ungekuwa wa mita 400, nyongeza ya kila njia ya mita moja ingebaki ileile. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza wakibishana juu ya hilo, na mwalimu wa Hisabati akaniangalia, nikamwangalia. Vigingi vya kuanzia mbio sasa vimehamishwa, na mahali pake pameandikwa kwa chokaa vipimo walivyovipata wao.

Watu wengi wanaamini kwamba wakimbiaji wa nchi hii huzaliwa Mbulu na Singida tu. Ni kweli Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, anatoka upande wa Karatu, jirani na Mbulu, na Alphonce Simbu anatoka Singida. Lakini miinuko ya Mufindi nayo ina hewa nyepesi na vilima visivyoisha, na mtoto wa huku anatembea kilometa nyingi kwenda shule bila kuziita mazoezi. Mnakumbuka Septemba mwaka jana, Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilometa 42 na mita 195. Watoto waliuangalia umaliziaji ule kwenye simu ya mwalimu zaidi ya mara ishirini. Tangu siku hiyo sijasikia mtoto akiuliza kwa nini mwalimu wa Hisabati anasisitiza nafasi za desimali. Wasichana wetu wawili na mvulana mmoja wamechaguliwa kuingia kambi ya wilaya ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, na wazazi wao wamekwisha kupewa maelezo ya kambi hiyo.

Lipo kosa letu pia, na ni wajibu wangu kulisema. Mwezi Februari tulikuwa tunakimbia alfajiri, kabla ya mstari wa asubuhi, na mtoto mmoja alianguka uwanjani kwa sababu alikuwa ametoka nyumbani bila kula kitu tangu jioni iliyotangulia, na baridi ilikuwa kali. Alipata nafuu siku hiyohiyo. Mwingine, aliyekuwa peku, alichomwa na kisiki cha mti wa mwati pembeni ya uwanja, tukampeleka zahanati akasafishwa jeraha na kudungwa sindano ya pepopunda. Tangu hapo riadha imehamia saa tisa na nusu alasiri, baada ya chakula cha mchana, visiki vimeng'olewa, na hakuna mtoto anayekimbia bila kula. Ndiyo maana nawasihi msichelewe na mchango wa mahindi na maharage. Hayo mahindi ndiyo riadha, na ndiyo masomo ya mchana vilevile.

Sasa nije kwenye vipindi vya dini, ambavyo baadhi yenu mliviona kuwa rahisi zaidi kukatwa kwa kuwa havina mtihani wa taifa wa kuamua nafasi ya kidato cha kwanza. Hapa ndipo ninapokuwa mgumu kuliko kote. Shule hii imejengwa na waamini, tofali kwa tofali, ili mtoto alelewe mzima. Katika nyanda zetu hizi, tangu enzi za watawa Wabenediktini na baadaye wamisionari wa Konsolata waliofika Tosamaganga mwaka 1919, katekista na mwalimu wa kusoma mara nyingi alikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Watoto wasio Wakatoliki hawalazimishwi katekesi. Walutheri wana mwalimu wao, na watoto Waislamu wanafundishwa na ustadhi anayekuja kila Ijumaa. Mtoto anayefundishwa dini yake vizuri hawezi kutuharibia shule.

Muhula huu watoto wa darasa la nne waliandaliwa kwa Kitubio na Komunyo ya Kwanza. Wazazi wawili walinifuata wakisema wadogo hawa hawana dhambi ya kuungama. Niliwaeleza kwamba tangu mwaka 1910, Papa Pius wa Kumi alipoagiza watoto wakaribishwe mezani pa Bwana wanapofikia umri wa akili, yaani kama miaka 7, Kanisa limewaamini watoto kuliko sisi wazazi wao tunavyowaamini. Katekista aliwafundisha kwamba kitubio kina majuto, maungamo na malipizi, na kwamba aliyechukua cha mtu hamalizi kwa kusema samahani, bali anakirudisha. Jumatatu iliyofuata ungamo la kwanza nilifungua ofisi nikakuta juu ya meza bikari mbili, rula ya mbao iliyovunjika pembe, kitabu cha hadithi cha maktaba kilichopotea tangu mwaka jana, na sarafu ya shilingi mia mbili iliyofungwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari. Sikuuliza nani, na nimewakataza walimu kuuliza. Karatasi ile ninayo bado.

Tarehe 3 Juni tuliadhimisha Misa ya Mashahidi wa Uganda, na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, walisoma masomo na kutoa sadaka waliyoiweka akiba wenyewe kwa ajili ya watoto wenzao. Baba Paroko aliwaeleza juu ya Kizito, kijana wa miaka 14 hivi, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo mwaka 1886. Kanisa lilikuwa kimya kiasi cha kusikia kuku nje. Sijui kipindi gani cha ziada kingewapa watoto wa darasa la saba kile walichokipata asubuhi ile.

Katika jambo hili lipo ninalowaomba, na naliomba kwa unyenyekevu. Jumapili nakaa karibu na mlango wa kanisa, na ninaona mtoto akishushwa na bodaboda, amevaa vizuri, ameshika sadaka yake, na mzazi anageuza pikipiki kabla mtoto hajafika kwenye ngazi. Mtoto anageuka kuangalia. Tunaweza kufundisha katekesi siku tano kwa juma, lakini kile kitendo cha kugeuka hatuna somo la kukijibu. Tarehe 12 Juni, Ijumaa, ni Sherehe ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, watoto watakuwa nyumbani, na jumuiya nyingi zitakuwa na Misa au ibada. Nendeni nao.

Kuhusu likizo nitasema kwa kifupi. Kazi za nyumbani ni malezi, na mtoto asaidie. Kumpeleka mtoto wa miaka kumi kuchuma chai kwa ujira ni jambo jingine, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14. Kila mtoto amepewa kitabu kimoja cha maktaba. Kila jioni asome kurasa mbili kwa sauti mbele ya mtu mzima yeyote, hata asiyejua kusoma, kisha amsimulie. Bibi ni msikilizaji mzuri kuliko wote. Kitabu kirudi kikiwa kizima. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa kwenye ripoti ya kila mtoto, na salio la ada linaweza kulipwa kwa awamu kwa mzazi atakayefika kuzungumza nasi kabla ya siku hiyo.

Mzazi yeyote ambaye hakuridhika na jibu letu anakaribishwa. Karatasi za Hisabati za darasa la saba ziko ofisini kwangu, na mwalimu wa somo atakuwepo kila Jumatatu na Alhamisi ya likizo, saa tatu hadi saa sita. Njooni na mtoto, tuisome karatasi yake pamoja, swali kwa swali.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu Mkuu