YAH: MASOMO YA GITAA YALIYOUZWA BILA FAILI ASILIA WALA HAKIMILIKI

Kwa Meneja wa Mauzo,

Ndugu Meneja,

Tunalalamikia tovuti ya masomo ya gitaa mliyotuuzia kwa niaba ya mwenyewe (muuzaji), kwa bei ya mara 30 ya faida yake ya mwezi. Tangazo liliahidi masomo 48 "pamoja na vyote vinavyohusiana nayo". Domeni (anwani ya tovuti) imehamishwa vizuri, hapo hatuna neno. Lakini masomo yenyewe yamekuja kama video zilizokwisha kuhaririwa na nota za PDF, basi.

Asiyeuza masomo ya muziki anaweza kudhani hivyo vinatosha. Fungueni somo la 17. Linafundisha skeli ya G meja, lakini kwenye nota F imeandikwa bila shapu (alama ya kupandisha sauti kwa nusu toni), huku mwalimu akiipiga na shapu. Kwa faili asilia la programu ya kuandikia nota, hilo ni kosa la kurekebishwa kwa dakika mbili. Kwa PDF, ukurasa mzima unaandikwa upya. Video nazo zimechanganya sauti ya mwalimu, gitaa na ngoma za kusindikiza katika mkondo mmoja. Mwanafunzi akiomba ngoma za mwendo wa taratibu, ukizipunguza kasi na maneno ya mwalimu yanavutika.

Zito zaidi ni haki. Masomo 11 yanatumia nyimbo za watu wengine, na leseni zake zimeandikwa kwa jina la muuzaji, haziwezi kuhamishwa bila idhini ya wenye nyimbo. Mwalimu aliyerekodiwa alilipwa, lakini hakuna mkataba wowote unaomkabidhi muuzaji hakimiliki ya video. Karatasi hizo mlipaswa kuzidai kabla ya kutangaza, si baada ya mnunuzi kuuliza.

Halafu hesabu. Wanafunzi wana siku 30 za kudai pesa zao, nanyi mmepiga hesabu ya faida kabla ya kutoa marejesho hayo. Kila shilingi iliyozidi kwenye faida ya mwezi tunailipa mara 30.

Pesa bado zipo kwenye akaunti ya amana, zinakoshikiliwa hadi mauzo yakamilike; zisiachiliwe. Ndani ya siku 14 tunahitaji faili asilia za nota, mikondo ya sauti iliyotenganishwa, hati ya hakimiliki yenye saini ya mwalimu, idhini za kuhamisha leseni, na bei iliyopigwa upya baada ya marejesho. Idhini ya wimbo ikikosekana, somo lake liondolewe na bei ishuke. Hati ya mwalimu ikikosekana, mauzo yavunjwe nasi turudishe domeni.

Wenu,
Wanunuzi