Watoto waambiwe logi zilisaidia nini baharini

Mhariri, salamu kutoka Moshi. Juzi nilikuwa namsaidia mtoto wa dada, yuko kidato cha pili, akaniuliza mjomba hizi logi za hesabu (logarithimu, yaani kipeo cha 10 kinachokupa namba fulani) ni za nini sasa, mwalimu kasema tukariri tu. Iliniuma. Nikafungua kitabu cha majedwali, logi ya 2 ni 0.3010, ya 4 ni 0.6021, jumlisha unapata 0.9031 ambayo ndo logi ya 8, na 2 mara 4 ni 8, yaani kuzidisha kumegeuka kujumlisha! John Napier wa Uskoti alizitoa 1614 na mabaharia wakazipenda, maana kutafuta meli iko wapi kwa pembe za jua na nyota ni kuzidisha manamba marefu huku chombo kinayumba, ukikosea unaweza kugonga mwamba. Na saa nayo ni hesabu, dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, saa ya melini ikikosea dakika 4 tu umepotea digrii 1 mashariki au magharibi, pale ikweta ni kama kilomita 111, ni mbali kuliko Moshi mpaka Arusha. Dogo akakaa kimya, halafu akaomba swali lingine. Walimu wetu naombeni sana, wasimulieni kwanza haya ya meli ndo muandike kanuni ubaoni.

Mjomba mpenda hesabu, Moshi