Betri nazo zipewe pasipoti, na fundi aruhusiwe kuisoma

Mhariri,

Mimi ni fundi wa sola, Buguruni. Mteja aliniletea betri ya pikipiki ya umeme iliyochoka, akitaka ikawashe taa na televisheni kijijini kwao. Lebo imekwanguliwa. Nikafungua kasha: seli zimevalishwa plastiki ya buluu, basi. Ni za fosfati ya chuma, ambazo mwisho wa kujaa ni volti 3.65 kwa seli? Au ni za nikeli na kobalti, zinazofika 4.2? Ukizijaza za kwanza kwa kipimo cha pili unaziua, na siku ikiwa mbaya unawaita zimamoto. Nilikesha siku mbili na mita, nazijaza na kuzimaliza chaji moja moja, natafuta jibu ambalo kiwandani walikuwa nalo tangu mwanzo.

Ulaya wameamua jibu hilo lisipotee. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023, kuanzia Februari 18, 2027 betri ya gari la umeme, ya baiskeli na skuta za umeme, na ya viwandani inayozidi kilowati-saa 2, lazima iwe na pasipoti ya kidijitali. Unaelekeza kamera ya simu yako kwenye msimbo wa QR, unaona imetengenezwa wapi, lini, na ndani mna nini. Ikitolewa garini ikapewa kazi nyingine, inapata pasipoti mpya iliyounganishwa na ya kwanza. Ikisharejelezwa, pasipoti nayo inakufa.

Lakini kuna kipengele kinanikera. Maelezo ya namna ya kuifungua, na hali ya afya ya betri yenyewe, hayataonwa na kila mtu, ila wenye "maslahi halali". Fundi wa kibanda cha mabati nani atamhesabu humo?

Na jambo hili linatuhusu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, na malori mengi huipitisha mpaka wa Tunduma hadi bandari yetu ya Dar es Salaam. Ikipita hapa ina makaratasi kuliko abiria wa ndege. Ikirudi imekuwa betri, hata lebo haina.

Shirika la Viwango, TBS, tayari wanakagua bidhaa zinazoingia. Waongeze sharti kwamba betri ya lithiamu isiingie bila namba yake, aina ya seli na tarehe, na maandishi hayo yachongwe kwenye kasha, maana ya kubandika tunajua yanavyoishia. Kisha mafundi wenye vyeti vya VETA waruhusiwe kuisoma rekodi ya kila betri na kuandika humo: nani alifungua, seli zipi zilibadilishwa.

Ile ya mteja wangu ilikuwa ya fosfati ya chuma. Inawasha taa kijijini. Juu ya kasha nimeandika kwa kalamu ya wino mzito aina, volti na tarehe, na mteja nimemwambia asilifute kwa kitambaa chenye maji.

Fundi sola,
Buguruni, Dar es Salaam