Tulimsafisha mzee ini, kemo ikaahirishwa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako nitoe la moyoni. Kama barua ni ndefu ikate popote unapotaka ila usikate pale pa chupa.

Baba yangu ni dereva mstaafu wa malori, sigara kavuta tangu kijana. Mwaka jana alianza kukohoa kikohozi kisichoisha, akaanzishiwa vidonge vya TB akanywa miezi minne hamna nafuu, makohozi hayakuwahi kuonyesha mdudu wa TB hata siku moja ila picha ya kifua ilikua na doa basi wakasema tuanze tu. Mwisho tukaenda hospitali kubwa, wakampiga CT scan, wakamkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, majibu yakatoka saratani ya mapafu. Akapangiwa kemo, yani dawa kali za kuua saratani, kila baada ya wiki 3, dripu mbili siku hiyohiyo, kaboplatini na paklitakseli, na kabla ya kila dripu anatolewa damu waangalie wingi wa damu, figo na ini.

Mizunguko miwili ilienda. Nywele zikatoka, nyayo zikawa na ganzi kama kakanyaga moto, tukasema ndo kemo hiyo. Mzunguko wa tatu tumefika saa 12 asubuhi tukakaa kwenye benchi mpaka saa 7 mchana, dokta kaangalia karatasi kasema leo hatumpi, enzaimu za ini zimepanda, mpelekeni ultrasound Jumatatu halafu dripu tutaona baada ya wiki mbili. Basi, kaitwa mgonjwa mwingine.

Yani hiyo sentensi moja ilivyofika nyumbani kila mtu akaitafsiri anavyojua. Kaka akasema saratani imeshahamia kwenye ini. Jirani akasema hao wanataka chochote kitu. Shangazi (shangazi huyuhuyu alienda Loliondo 2011 kupanga foleni ya kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500) akasema ini limechafuka na sumu za kemo, tumuongezee dawa ya kusafisha. Mi nilikua nimeshika karatasi, ALT (ndo moja ya hizo enzaimu za ini) 214, pembeni wameandika mwisho wa kawaida ni 40, nikapiga hesabu nikaona ni zaidi ya mara tano, nikanyamaza. Maana hiyo dawa ya kusafisha aliyokua anaisema shangazi nilikua naimimina mimi, kwa mkono wangu.

Chupa yenyewe ni ya maji ya lita moja na nusu, wametoa lebo, ndani kuna kitu cheusi kama mafuta machafu ya gari na ukiitikisa inatoa povu. Elfu 35. Glasi asubuhi, glasi jioni, inasafisha ini na kutoa sumu zote za kemo, ndo tulivyoambiwa. Alianza wiki ile ya dripu ya kwanza. Juu yake kulikua na vidonge vya manjano na pilipili manga alivyotumiwa na binamu yangu kutoka nje, na majani ya mstafeli ya kuchemsha kwa sababu ya ile meseji ya WhatsApp inayosema stafeli lina nguvu mara elfu kumi kuliko kemo. Na panadol. Mzee alikua anaumwa mifupa baada ya dripu anakula mbili mbili bila kuhesabu, akipata kamafua anaongeza na vidonge vya mafua.

Siku ile ya dokta tulimuongezea kweli, glasi tatu. Siku nne.

Jumatatu ultrasound ikaonyesha ini halina uvimbe wowote. Tumekaa kwenye korido, akapita sista mmoja mtu mzima, hana haraka, akanivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, nyumbani mnamchemshia nini?" Hakuuliza kama tunachemsha, kauliza nini. Dokta alishawahi kuuliza kuna dawa nyingine anatumia tukajibu hapana, na wala hatukuona tumedanganya maana kwetu dawa ni za duka la dawa, majani sio dawa, panadol ndo kabisa. Kwa sista nikasema vyote mpaka machozi yakanitoka.

Hakunigombeza. Aliniambia hivi, hizo enzaimu makao yake ni ndani ya seli za ini, seli ikiumia zinavuja zinaingia kwenye damu. Ni sawa na kuamka ukakuta punje za mchele zimemwagika stoo, unajua gunia limetoboka, ila punje hazikwambii limetobolewa na panya au limechanika kwa msumari. Ndo maana lazima wamtafute huyo panya. Inaweza kuwa kemo yenyewe, hilo linatokea na mara nyingi linashuka lenyewe. Inaweza kuwa saratani imefika kwenye ini, ndo maana ya ultrasound. Inaweza kuwa vidonge vingine, hata vile vya TB vinajulikana kwa kupiga ini ingawa mzee alishaviacha zamani. Na inaweza kuwa homa ya ini aina ya B, ambayo mtu anaishi nayo miaka hajui, kinga ikishushwa na kemo pamoja na zile dawa za kuzuia aleji kabla ya dripu, kirusi kinaamka. Mzee alipimwa kabla ya kuanza hana. Kuna mgonjwa tuliyekua tunakaa nae benchi moja yeye alikutwa nacho, akapewa tenofoviri ya kukizuia, ndugu zake wakakimbilia kusema ana UKIMWI kwa sababu dawa hiyo imo pia kwenye ARV. Maskini ya Mungu.

Nikamuuliza sasa ini na kansa ya mapafu wapi na wapi, kwanini wamnyime dripu? Akasema kaboplatini inatolewa na figo lakini paklitakseli inashughulikiwa na ini, sasa ukiimwaga wakati ini limechoka inakaa kwenye damu muda mrefu, chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa zinaporomoka, mzee anaweza kuondoka kwa maambukizi wakati kansa yenyewe haijamuua. Yani kuahirisha kulikua ni kumlinda. Dakika kumi tu za kuongea, na shangazi ambaye alikua anasikiliza kwa pembeni akakaa kimya, kitu ambacho sijawahi kukiona.

Tukaacha vyote. Panadol tukaambiwa kidonge kimoja kimoja tena kwa kuandika saa, maana hata mtu mzima wa afya haruhusiwi kupita vidonge 8 vya mg 500 kwa siku, na vile vya mafua vingi navyo vina paracetamol ndani, dawa ileile iliyomo kwenye panadol, kwahiyo mzee alikua anaila mara mbili bila kujua. Manjano ya kwenye mchuzi wakasema haina neno, shida ni ya vidonge, hasa ikichanganywa na pilipili manga inaingia mwilini kwa wingi na huko Marekani wameshaandika wagonjwa walioharibika ini. Stafeli nalo nikaja kusoma mwenyewe, ile elfu kumi imetoka kwenye jaribio la maabara la 1996, kemikali ya kwenye mbegu iliwekwa kwenye seli za utumbo mpana ndani ya vyombo, hakuna binadamu aliyekunywa majani yoyote.

Baada ya wiki mbili ALT ikawa 90, wiki iliyofuata 52, dripu ya tatu akapewa kwa dozi iliyopunguzwa kidogo. Dokta alisema hawezi kuapa kwamba ni chupa, inaweza kuwa kemo, inaweza kuwa vyote kwa pamoja. Sawa, nakubali.

Sijaja kuwatukana waganga, bibi yangu alikua mkunga wa jadi. Lakini Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya 2002, dawa zinatakiwa kusajiliwa, na chupa yetu haikua na namba wala jina, hata yule aliyetuuzia nilipompigia kumuuliza kuna mti gani ndani akasema ni siri ya familia. Na mahospitalini naomba lile swali la sista liandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, aulizwe kila mzunguko, kwa maneno yaleyale, mnamchemshia nini.

Sasa lako Mhariri. Namba ya simu ya huyo muuzaji niliitoa kwenye gazeti lako, matangazo madogo, chini ya viwanja vinavyouzwa. Jumamosi nimeangalia bado ipo.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tabata, Dar es Salaam