Anayesoma ana swali

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama usanifu wa taarifa, yaani kupanga maneno, namba na michoro ili msomaji aelewe na ajue la kufanya, ni kazi ya kupamba kurasa, na kama inafaa kuitegemea maisha yako yote. Swali la pili utalijibu mwenyewe. La kwanza nalijibu mimi, maana wanaoingia kazi hii kwa mlango wa mapambo huwaumiza wasomaji bila kukusudia.

Chukua maelezo haya ya pakiti ya dawa: "Meza vidonge viwili mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tano au kama utakavyoelekezwa." Kila neno linasomeka. Lakini mgonjwa ana homa, ni usiku, ameshika pakiti na anajiuliza jambo moja: nimeze vingapi sasa hivi? Sentensi ile inamwachia hesabu ya kufanya kichwani, kisha mkia wake unamtia shaka kama hesabu yenyewe ni halali. Ivunje hivi:

Asubuhi: vidonge 2
Mchana: vidonge 2
Usiku: vidonge 2
Kwa siku 5. Jumla: vidonge 30

Ile jumla ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Akihesabu akakuta 24, atarudi kuuliza kabla hajaanza kumeza. Namba nazo zina mitego yake. Ukiandika "5.0 mg", nukta ikififia mtu anasoma 50, ukiandika ".5 mg", anasoma 5. Andika 5, au andika 0.5. Kosa la nukta moja ni dozi mara kumi.

Basi kabla hujagusa rangi wala fonti, andika kwenye karatasi: nani atasoma, atakuwa wapi, ana haraka kiasi gani, na akimaliza anatakiwa kufanya nini. Kisichomsaidia kufanya hicho kiondoe, hata kama ni cha kweli. Harry Beck alifanya hivyo kwenye ramani ya treni za chini ya ardhi za London iliyotolewa mwaka 1933. Njia alizichora wima, mlalo, au kwa mshazari wa nyuzi 45, na umbali halisi akauacha. Abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua abadilishe treni wapi na vimebaki vituo vingapi. Anayetembea kwa miguu akiishika ramani hiyohiyo atapotea, kwa kuwa haikuchorwa kujibu swali lake.

Nia njema haitoshi, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Mwaka 2000, katika kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, Marekani, herufi za karatasi ya kura ya urais zilikuzwa ili wazee wasome bila shida. Majina hayakuenea ukurasa mmoja, yakagawanywa kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati. Mgombea Al Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la mgombea mwingine, Pat Buchanan, aliyeandikwa kulia. Buchanan alipata kura 3,407 katika kaunti hiyo, na maelfu ya karatasi zilitobolewa zaidi ya mara moja zikaharibika. Gore alishindwa jimbo zima kwa kura 537.

Kosa la namna hiyo hulioni ukiwa peke yako mezani, kwa sababu wewe tayari unajua tundu la nani ni lipi. Tafuta watu watano wasioijua kazi yako. Usiwaulize kama wameipenda. Mpe kila mmoja jambo la kufanya, kisha nyamaza. Tazama kidole kinasimama wapi, jicho linarudi nyuma wapi, na uandike. Ukijikuta unaeleza, hapo ndipo ukurasa umeshindwa. Rekebisha, kisha jaribu tena na watu wengine, maana wale wa kwanza wameshajifunza.

Mengine ni ya ufundi na utayazoea: mstari wenye herufi 60 hadi 70 hivi, namba za jedwali zipangwe kulia ili makumi yakae chini ya makumi, chati ya mihimili ianzie sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana kubwa. Rangi isibebe maana peke yake. Nyekundu na kijani hufanana machoni pa wengi, hasa wanaume, na fotokopi huzigeuza zote kijivu. Ongeza neno au umbo.

Mteja atakubana uweke nembo kubwa na salamu za mkurugenzi juu kabisa. Usibishane naye kwa ladha. Mwonyeshe msomaji mmoja akihangaika kutafuta tarehe ya mwisho.

Kabla hujaniandikia tena, chukua fomu yoyote ya kurasa mbili, umpe mtu aijaze mbele yako, usiseme neno. Niambie alikwama kwenye swali la ngapi, na unadhani ni kwa nini.

Mzazi wako